Treni Ikikwama Juu, Mhudumu Aseme Lugha Gani?

Tarehe 12 Aprili 1992 kampuni ya Disney ilifungua bustani yake ya kwanza ya burudani barani Ulaya, huko Marne-la-Vallée, kilomita 32 hivi mashariki mwa Paris. Miongoni mwa vivutio vyake lilikuwamo jumba la mizimu liitwalo Phantom Manor. Sauti ya kumkaribisha mgeni humo ilirekodiwa kwa Kiingereza na Vincent Price, mwigizaji wa Kimarekani aliyejipatia jina kwa filamu za kutisha. Haikudumu. Muda mfupi baada ya ufunguzi iliondolewa, ikawekwa ya Kifaransa, na cha Price kikabaki kicheko tu. Kicheko hakihitaji mkalimani. Mwaka 2019, jumba lilipokarabatiwa na kufunguliwa upya, sauti ya mzee huyo ikarejeshwa, safari hii ikipokezana na ya Kifaransa mle mle ndani ya chumba ambacho kuta zake hurefuka huku mgeni akitazama.

Miaka 27 ilipita kabla ya kuafikiana jumba moja liongee vipi. Sisi tunaofundisha huduma kwa wateja tunakipenda kisa hiki, kwa kuwa kinaonyesha lugha katika bustani za burudani ni suala la usanifu na bajeti kabla halijawa la ulimi wa mhudumu. Mgeni anayerudi nyumbani akilalamika kwamba "wale hawajui Kiingereza" mara nyingi amegusa mkia wa jambo, kichwa hajakiona.

Ulaya yenyewe ni kiti kisichotulia. Umoja wa Ulaya una lugha rasmi 24. Uchunguzi wa maoni wa Eurobarometer wa mwaka 2012 ulionyesha kwamba asilimia 54 ya raia wa Umoja huo waliweza kuzungumza angalau lugha moja zaidi ya ile ya kwao, na waliojua Kiingereza kama lugha ya kigeni walikuwa asilimia 38. Maana yake ni kwamba hata ukimpata mhudumu mwenye Kiingereza fasaha, familia nyingi zilizo mbele yako kwenye foleni hazitamwelewa. Disneyland Paris, ile bustani ya Marne-la-Vallée, inahudumia kwa lugha sita: Kifaransa, Kiingereza, Kijerumani, Kiitaliano, Kihispania na Kiholanzi. Hakuna anayetegemewa kuzijua zote, kwa hiyo wafanyakazi huvaa beji ya jina yenye vibendera vidogo vya lugha wanazozimudu. Anayekwenda huko atazame kifuani kabla ya kufungua mdomo.

Kuna na sheria. Ufaransa ilipitisha Agosti 1994 ile sheria iitwayo ya Toubon, kwa jina la waziri wa utamaduni wa wakati huo. Inataka huduma na maelekezo yapatikane kwa Kifaransa, na pale yanapotafsiriwa, Kifaransa kisisomeke wala kusikika kwa udhaifu kuliko lugha ya mgeni. Kwa mwenye bustani, hilo linaingia hadi kwenye kipaza sauti. Nchini Hispania, bustani ya PortAventura iliyofunguliwa 1995 karibu na Salou iko Katalunya, na huko mteja ana haki kisheria ya kuhudumiwa kwa Kikatalani. Hivyo mhudumu wa lango la PortAventura ana lugha mbili za wenyeji kabla hajamfikia Mwingereza.

Sasa tuje kwenye hesabu, maana ndipo uamuzi mwingi unapofanyika. Chukua rolakosta, ile treni inayopandishwa mlima wa chuma kisha ikaachiwa iporomoke. Tuseme ina viti 24 na huondoka kila baada ya dakika moja. Kwa saa inabeba watu 1,440. Tuseme kila safari inachelewa sekunde 15 tu, kwa sababu kuna mgeni hajaelewa kwamba begi haliruhusiwi au kwamba chuma cha kifuani kinavutwa chini, hakisukumwi. Treni zinazoondoka kwa saa zinashuka kutoka 60 hadi 48, na abiria hadi 1,152. Watu 288 wamebaki kwenye foleni, na foleni ndiyo inayozaa malalamiko. Tangazo la sekunde 20 likirudiwa kwa lugha sita ni dakika mbili nzima, yaani treni mbili. Ndiyo maana hulisikii kwa lugha sita, na hakuna meneja atakayekueleza hivyo dirishani.

Njia ya kutokea ni kupunguza maneno. Alama za usalama zimesanifishwa kimataifa chini ya ISO 7010, pamoja na yule mtu wa kijani anayekimbilia mlangoni, aliyetokana na mchoro wa Mjapani Yukio Ota. Kimo cha mtoto hupimwa kwa ubao wenye mstari: ama kichwa kimefika au hakijafika, na mzazi hana la kubishania. Kwa idadi ya watu kwenye kundi, mhudumu huinua vidole, na mgeni humjibu kwa vyake. Hapo napo pana mtego mdogo. Mjerumani huanza kuhesabu kwa dole gumba, hivyo mbili yake ni gumba na kidole cha shahada, na mhudumu asiyezoea huishia kukitazama kile kidole cha tatu kilichoinuka nusu nusu bila kujua kama kinahesabiwa.

Waholanzi wa Efteling, bustani iliyofunguliwa 1952 huko Kaatsheuvel, wameifikisha mbali sanaa hii ya kutosema. Droomvlucht, safari ya vijigari vinavyoning'inia kupitia msitu wa viumbe wa ndotoni, imekuwapo tangu 1993 na haina simulizi hata moja. Ni muziki, harufu na mwanga. Lakini ninachokipenda zaidi pale ni mapipa ya taka. Yamechongwa kama mtu mnene aliyeachama mdomo, jina lake Holle Bolle Gijs, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 anaomba karatasi kwa Kiholanzi bila kuchoka. Mtoto akisogeza karatasi mdomoni, hewa inaivuta kwa nguvu ikapotea, kisha pipa linashukuru. Hakuna tafsiri ubavuni. Mtoto wa Kipolandi au wa Kituruki hana haja nayo. Anamwona mwenzake mara moja, halafu anazunguka bustani nzima akiokota makaratasi ya watu. Sijaona fundisho bora la huduma lililoandikwa kwenye kitabu chochote, na sijui bustani ngapi zingethubutu kuacha pipa liongee lugha moja tu leo.

Europa-Park imekwenda njia nyingine. Iko Rust, kusini magharibi mwa Ujerumani, na ilifunguliwa 1975 na familia ya Mack, ambayo ukoo wake wa mafundi wa magari ya farasi na mabembea ya maonyesho unarudi hadi 1780. Ufaransa iko ng'ambo tu ya mto Rhine. Wageni wanaozungumza Kifaransa ni wengi mno, na ukipanda bembea utasikia tangazo kwa Kijerumani, Kifaransa na Kiingereza. Kupata wahudumu hakukuhitaji mapinduzi: njia nyepesi ya kumpata mtu anayejua Kifaransa ni kumwajiri Mfaransa, na asubuhi wafanyakazi kadhaa huvuka mpaka kuja kazini kama wengine wanavyopanda daladala.

Mahali pengine ambako mpaka hauko karibu, wafanyakazi wa msimu hufundishwa sentensi za kukariri. "Shusha mikono." "Vua miwani." "Subiri hapa." Kijana anazimeza kwa lugha nne ndani ya juma moja. Tatizo huja akizisema vizuri. Mgeni akisikia Kihispania kilichonyooka humwaga swali refu kwa Kihispania, na kijana hana la kujibu isipokuwa kurudia ile sentensi yake. Mgeni anaona amepuuzwa. Ningewaambia wakufunzi waongeze sentensi moja kwenye orodha, ile ya kusema "ninachokijua kwa lugha yako ni hiki tu, ngoja nikuitie mwenzangu," na waifundishe kabla ya zile nyingine.

Halafu liko jambo linalohesabiwa kuwa ni lugha na kumbe ni adabu. Malalamiko kwamba wahudumu wa Ufaransa wana dharau ni ya zamani, na mengi huanza kwa mgeni kwenda moja kwa moja kwenye swali: choo kiko wapi, treni inafunguliwa saa ngapi. Huko kumwendea mtu bila kusema bonjour kwanza ni utovu wa adabu, na jibu kavu analopewa mgeni ndilo malipo yake. Msomaji wa Lamu au Unguja hahitaji kuelezwa hilo. Nani atamfuata mzee barazani akamuuliza njia kabla ya salamu? Mmarekani na Mwingereza, waliozoea kutabasamu na kuuliza papo hapo, ndio wanaoumia. Ukisema bonjour, ukangoja urudishiwe, kisha ukaendelea kwa Kiingereza au hata kwa ishara, mara nyingi uso wa mtu hulegea.

Disney nao walijikwaa upande wa pili wa adabu hiyo hiyo. Kabla hata ya kufungua, kanuni zao za mwonekano wa wafanyakazi, kuanzia nywele hadi mapambo, ziliwagonganisha na vyama vya wafanyakazi na wakaguzi wa kazi wa Ufaransa. Tabasamu la kulipwa lilionekana ni kitu cha ajabu. Tangu hapo pande zote mbili zimesogea, ingawa aliyezoea bustani yao ya Florida bado atasema Paris wamenuna.

Yote haya ni madogo kama mashine inazunguka. Siku nzima mgeni anaweza kula, kupanda na kucheka bila kuelewa neno. Lugha inadai deni lake pale kitu kinapokwama, mtoto anapopotea, au koo la mtu linapoanza kuvimba.

Chukua chakula. Kanuni ya Umoja wa Ulaya namba 1169 ya mwaka 2011, iliyoanza kutumika Desemba 2014, inamtaka muuzaji ataje vitu 14 vinavyosababisha mzio, hata kwa chakula kisichofungashwa. Karanga zimetajwa peke yake, na korosho, lozi na jamii yake peke yake. Ufuta, samaki, mayai na maziwa vimo pia. Lakini maelezo yanatakiwa yaeleweke na walaji wa nchi husika. Mgeni hayumo katika hesabu hiyo. Migahawa mingi ya bustani hutumia namba au picha, na hilo husaidia hadi pale unapotaka kujua kama kijiko kilichopakua maandazi kiligusa pia siagi ya karanga. Mwenye mzio mkali aende na karatasi iliyoandikwa kwa lugha ya pale, yenye jina la kitu na maelezo ya kinachompata akikila. Amkabidhi mpishi, asiishie kwa mwenye mashine ya malipo.

Tafsiri ya simu nayo ina mipaka yake. Kaunta ya malalamiko ni mahali pake hasa, kwa kuwa pana utulivu na muda. Jukwaani pa rolakosta kuna kelele za magurudumu na vilio vya watu, na simu zenyewe zimeamriwa zifichwe.

Jinsi neno moja linavyoweza kuua ilionekana 2015 huko Cantabria, kaskazini mwa Hispania, ingawa haikuwa ndani ya bustani ya burudani. Msichana wa Kiholanzi wa miaka 17 alijirusha kutoka darajani katika mchezo wa kuruka na kamba, kabla kamba haijafungwa darajani. Mahakama ilikosoa Kiingereza cha mwelekezi: alisema "no jump", na huenda yule msichana alisikia "now jump". Fundisho la kiufundi hapa halihusu matamshi. Hatua ambayo ikikosewa mtu anakufa haipaswi kutegemea sentensi kabisa. Rolakosta za kisasa zimejengwa hivyo: mfumo hauruhusu treni iondoke hadi vifungo vyote vijifunge, hata mhudumu na abiria wawe bubu wote wawili.

Treni ikikwama kwenye mlima wa kupandia, hata hivyo, mashine imeshamaliza kazi yake na imebaki kazi ya mtu. Pembeni ya reli pana ngazi. Wahudumu hupanda, huenda safu kwa safu, hufungua kifungo kimoja baada ya kingine na kumshika abiria mkono. Hatari kubwa ni abiria kutaka kujitoa mwenyewe. Msimamizi mzuri hatangazi tu kwa kipaza sauti. Anapanda hadi mtu amwone usoni, anaonyesha kiganja kilichofunguka, na anaanza na safu ambayo watu wake wametulia ili wa nyuma waone linalofanyika.

Yapo pia yasiyotatuliwa kwa ishara, kama vyeti. Familia yenye mtoto mlemavu au mwenye usonji huomba njia isiyo na foleni ndefu, na bustani huomba uthibitisho. Mhudumu wa dirishani anapewa barua ya daktari kwa Kiromania, na foleni nyuma inanung'unika. Oktoba 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha agizo la kuanzisha kadi moja ya ulemavu ya Ulaya, itakayotambuliwa katika nchi zote wanachama kuanzia Juni 2028. Itawafaa wakazi wa nchi hizo, wakiwemo Wakongo, Wasomali na Watanzania waliohamia huko kihalali. Anayetoka Dar es Salaam au Mombasa kwa matembezi ataendelea kubeba barua ya hospitali pamoja na tafsiri yake, na ni heri aitume kwa barua pepe wiki kadhaa kabla ya safari.