Gitaa la umeme: Lini mwenye vyombo amlipe fundi?

MWENYE vyombo vya muziki aliyekwisha kupokea arbuni ya harusi mjini Korogwe au Handeni hana nafasi ya kubahatisha. Gitaa likikwaruza au likikataa kukaa katika sauti usiku wa shughuli, hasara haiishii kwenye gitaa. Wenye harusi hudai fedha zao, na Jumamosi inayofuata humtafuta mwingine.

Hata hivyo, kumpeleka kila gitaa lenye kasoro kwa fundi wa Tanga au Dar es Salaam nako ni kumwaga mtaji. Kasoro nyingi za gitaa la umeme huondoka kwa seti mpya ya nyuzi na ufunguo mdogo wa pembe sita. Mmiliki anayetaka faida hana budi kujua ipi ni kazi yake na ipi ni kazi ya fundi.

Katika mkoa wa Tanga biashara hii si ngeni. Mji wa Tanga ndio uliotoa bendi za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, zilizotamba miaka ya 1960 na 1970. Tangu enzi hizo, kwa kawaida chombo kilikuwa mali ya klabu, chama au tajiri, na si ya mpigaji. NUTA Jazz ya Dar es Salaam, iliyoanzishwa 1964, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Leo wamiliki wengine ni kwaya za makanisa na wakodishaji wa muziki, lakini kanuni haijabadilika: anayemiliki chombo ndiye anayebeba gharama ya ubovu wake.

Chanzo cha kasoro

Seti ya kawaida ya nyuzi sita huivuta shingo ya gitaa kwa nguvu inayokaribia uzito wa kilo 45. Ndani ya shingo huwamo fimbo ya chuma inayopingana na mvuto huo, ufundi ambao kampuni ya Gibson ya Marekani iliupatia hataza mwaka 1923. Mbao hunywa unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Gitaa lililotoka kwenye unyevu wa pwani likaletwa Handeni wakati wa ukame, au lililosafirishwa juani juu ya gari, laweza kubadilika shingo bila kuguswa na mtu.

Vipimo vya mwenye mali

Kabla ya kutoa senti, mmiliki afunge nyuzi mpya, zenye unene uleule wa zamani, na kulityuni gitaa. Nyuzi zilizoota kutu husema uongo katika kila kipimo.

Kipimo cha kwanza ni cha shingo. Ubane uzi mnene kwenye freti ya kwanza na ya mwisho kwa pamoja, kisha utazame nafasi iliyobaki kati ya uzi na freti ya 7 au ya 8. Robo milimita inatosha. Geji ambayo mafundi pikipiki hupimia nafasi za valvu hufaa kabisa kwa kazi hii. Nafasi ikizidi, fimbo hukazwa, ikikosekana, hulegezwa. Ni robo mzunguko tu kwa mara moja, na ikigoma isilazimishwe.

Cha pili ni kimo cha nyuzi. Juu ya freti ya 12, milimita 1.5 kwa uzi mwembamba na 2 kwa uzi mnene ni kimo cha kawaida. Skrubu za darajani hupandisha na kushusha.

Cha tatu ni usahihi wa sauti. Gusa uzi kwa wepesi juu ya freti ya 12 bila kuubana, upige, kisha ubane papo hapo na kuupiga tena. Programu ya simu ya kutyuni itaonyesha kama sauti mbili zinalingana. Sauti ya kubana ikiwa juu, kipande cha daraja kinachobeba uzi husogezwa nyuma. Ikiwa chini, husogezwa mbele.

Kazi ya fundi

Zipo dalili zisizohitaji majaribio. Uzi unaokwaruza ukiwa wazi tu, lakini ukibanwa unalia safi, huashiria kuwa mfereji wake kichwani umelika. Mkwaruzo wa sehemu moja mara nyingi ni wa freti iliyochakaa au kunyanyuka. Shingo iliyojisokota na fimbo iliyokwama navyo ni vya fundi wa magitaa. Sauti inayokatikakatika waya unapoguswa ni kazi ya fundi redio wa mjini hapohapo.

Hesabu yake

Tuchukue mfano wa hesabu tu. Fundi adai shilingi 50,000, nauli ya kwenda na kurudi iwe 40,000, na gitaa liingize 30,000 kwa kila harusi. Gharama ya 90,000 itarudi baada ya harusi tatu. Lakini wamiliki watatu wakimtuma mtu mmoja na magitaa matatu, kila mmoja atalipa 63,300 hivi, na harusi ya tatu itakuwa imeanza kuleta faida.

Wakati nao ni fedha. Harusi huongezeka baada ya Pasaka, katika mwezi wa Shaabani na baada ya mavuno. Gitaa lipelekwe kabla ya misimu hiyo, si katikati yake.

Mnunuzi wa gitaa kuukuu afanye vipimo hivi mbele ya muuzaji, na gharama ya fundi ikionekana, ipunguzwe kwenye bei. Mwenye duka naye asisahau nyuzi za rejareja, hasa ule mwembamba wa kwanza, ambao hukatika upesi kuliko nyingine. Kwa mtaji mdogo, hiyo ni bidhaa isiyolala sana rafuni.