Mfalme Aliyeonyesha Kila Kitu

Neno letu la leo latoka katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, mlango wa 20, kuanzia mstari wa 12. Habari hiyo hiyo imeandikwa pia katika Isaya, mlango wa 39.

Mfalme Hezekia alikuwa ameugua karibu kufa, na Mungu akamponya. Wageni wakaja kutoka Babeli na barua na zawadi, kumpa pole. Hezekia akafurahi mno. Akawafungulia nyumba yake ya hazina, akawaonyesha fedha, dhahabu, manukato, mafuta ya thamani na silaha zake zote. Hakuna alichowaficha. Walipokwisha kuondoka, nabii Isaya akaja akamwuliza wageni wale walitoka wapi, na walionyeshwa nini. Hezekia akajibu pasipo wasiwasi kwamba wameona vyote. Ndipo nabii akamwambia kwamba siku zinakuja ambapo vyote hivyo vitachukuliwa kwenda Babeli.

Tuangalie vema jambo hili. Wageni hawakuvunja mlango, wala hawakuiba. Mwenye nyumba ndiye aliyefungua, tena kwa furaha. Na hasara haikuja siku ile. Ilikuja baadaye, ikawaangukia wanawe.

Leo tunataka kusema na vijana wetu wanaotafuta kazi, na wazazi wao, juu ya nyumba nyingine yenye milango mingi. Nyumba hiyo ni Facebook, WhatsApp, TikTok na mitandao mingine ya simu. Kijana akigombana na mchumba wake, huandika. Akiwa karamuni na chupa mkononi, hujipiga picha na kuituma. Akikasirishwa na msimamizi wake wa kazi, humtukana mbele ya watu mia tano. Marafiki huweka alama za kupenda, naye hufurahi kama Hezekia.

Zamani, kiwanda cha karatasi cha Webuye kilipokuwa kikifanya kazi, kabla ya kufungwa mwaka 2009, kijana aliyetafuta kazi mahali kama pale angechukua cheti chake, na labda barua ya mchungaji au ya chifu. Mwajiri alimpima kwa karatasi hizo na kwa adabu aliyoiona mbele yake. Siku hizi mwajiri huandika pia jina la kijana katika simu, akatazama. Mwaka 2018 kampuni ya Marekani iitwayo CareerBuilder ilitangaza majibu ya waajiri wa nchi hiyo. Katika kila waajiri 100, 70 walisema huwachunguza waombaji kazi katika mitandao. Na kati ya hao wanaochunguza, 57 katika kila 100 walikuwa wamekuta jambo lililowafanya wamkatae mtu, kama vile picha za aibu, habari za ulevi, au maneno mabaya juu ya mwajiri wa zamani. Aliyekataliwa mara nyingi haambiwi sababu. Hukaa nyumbani akingojea simu ambayo haiji.

Kijana mmoja atasema, “Mimi nimewatumia rafiki zangu tu.” Lakini kundi la simu si chumba chenye kufuli. Mwaka 2017 Chuo Kikuu cha Harvard huko Marekani kiliwanyang'anya nafasi vijana wasiopungua 10 ambao kilikuwa kimekwisha kuwakubali, kwa ajili ya maneno na picha za matusi walizotumiana katika kundi lao la faragha la Facebook. Picha inayowekwa WhatsApp kwa saa 24 nayo hutoweka, ni kweli. Lakini yeyote anayeitazama aweza kuinakili mara moja kutoka kioo cha simu yake, na nakala hiyo hukaa. Barua ya karatasi yaweza kuchomwa moto. Hii yaenda mahali ambapo mkono wetu haufiki.

Mwingine atasema, “Niliandika nikiwa mtoto.” Mwezi wa Aprili 2013, katika jimbo la Kent huko Uingereza, msichana wa miaka 17 aliteuliwa kuwa mjumbe wa vijana katika ofisi ya kamishna wa polisi. Gazeti likafukua maneno aliyoyaandika Twitter kati ya umri wa miaka 14 na 16. Akajiuzulu kabla hajaianza kazi. Nasi tusiseme kwamba hayo ni mambo ya Ulaya. Mwezi wa Januari 2015 mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Moi alihukumiwa kifungo kwa maneno aliyoyaandika Facebook juu ya Rais wa nchi yetu.

Kenya tunayo Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019. Mwezi wa Septemba 2023 ofisi ya Kamishna wa Data iliitoza shule moja ya Nairobi faini ya shilingi 4,550,000, kwa kutangaza picha za watoto bila idhini ya wazazi. Basi sheria yaweza kumkemea mtu mwingine akiufungua mlango wetu. Lakini tukiufungua wenyewe, nani atatukemea? Ndiyo maana mwenye Zaburi, katika Zaburi ya 141, alimwomba Mungu aweke mlinzi kinywani pake. Alijua kwamba askari wa mlango huo lazima atoke kwa Bwana.

Je, tunasema kijana afiche kila jambo moyoni? Hapana. Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini mama mwenye uchungu wa kuzaa humwendea mkunga, haendi sokoni. Kijana mwenye huzuni, deni au ugomvi na amtafute mtu mmoja wa kuaminika: mzazi, shangazi, mzee wa kanisa, mchungaji wake. Mariamu mama wa Bwana wetu aliona makuu kuliko sisi sote, naye aliyaweka mengi moyoni mwake na kuyatafakari. Kabla ya kutuma neno au picha, tujiulize kama Isaya alivyouliza. Hawa wanaotazama ni nani? Wataona nini? Na atakayekitazama kitu hiki baada ya miaka kumi, akiwa na barua yangu ya kuomba kazi mezani pake, atasema nini?

Huenda yupo anayetusikiliza ambaye neno lake limekwisha kutoka, na maji yaliyomwagika hayazoleki. Ndugu, dada, usikate tamaa. Ondoa unachoweza kuondoa. Uliyemkosea, mwombe radhi. Ukiulizwa na mwajiri, sema kweli, wala usiongeze uongo juu ya aibu. Mkumbuke Petro. Alimkana Bwana mbele ya watu waliokuwa wakiota moto, wakamsikia kwa masikio yao. Lakini katika Yohana mlango wa 21, Yesu hakumsamehe tu, bali alimpa tena kazi, awachunge kondoo zake.

Hapo wazazi, wazee wa kanisa na akina mama wa Umoja wetu tunalo fungu letu. Aibu ya kijana ikifika katika simu yetu, ikomee hapo, tusiipeleke mbele. Na ninyi mlio na duka, shule au ofisi, mnaoajiri watu, msimpime kijana wa miaka 25 kwa neno alilolisema akiwa na miaka 15. Muiteni, mwulizeni, msikieni. Mungu alitupima sisi kwa rehema.

Tuombe. Ee Bwana, utupe midomo yenye mlinzi na mikono isiyo na haraka. Uwape vijana wetu kazi na jina jema. Walioaibika uwainue, nasi utufundishe kusitiri. Kwa Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.