Mto Ukifura Usiku

Leo tunazungumza na wewe unayeishi Gatina kule chini, karibu na mto. Mabati yakianza kulia usiku hulali tena. Unasimama mlangoni na tochi, ukitazama maji yamefika wapi.

Mapema Mei mwaka wa 2024, redio zilitangaza kimbunga Hidaya. Mvua ilikuwa imetuchosha kwa wiki nyingi, watu walikuwa wamekufa Mathare na Mai Mahiu, na kufunguliwa kwa shule kukaahirishwa. Akina mama wakauliza: kitafika Nairobi? Kimbunga hupata nguvu kutoka kwa bahari yenye joto, na kikiingia nchi kavu hufifia. Hidaya kilifika kisiwa cha Mafia, Tanzania, tarehe 4 Mei, na upepo wake haukutufikia. Lakini sisi mafuriko yetu hayangoji kimbunga. Mvua ya masika inatosha.

Tena kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Mto Nairobi huanzia kinamasi cha Ondiri, kule Kikuyu. Kukinyesha sana huko, maji huteremka na kupita upande huu wa Kawangware. Kwa hivyo mto waweza kufura hata kama kwako ni kukavu.

Basi ukisikia onyo la mvua kubwa, anza mchana. Kitabu cha kliniki cha mtoto, kitambulisho na dawa za kila siku, kama unazimeza, vitie ndani ya mkebe wenye kifuniko. Jaza mtungi maji safi, uufunge. Zungumza na jirani wa plot ya juu, umwombe mapema kwamba mambo yakiharibika utapanda kwake na watoto. Kumgongea saa nane usiku bila kuagana ni vigumu, na ndiyo maana wengine huchelewa kutoka.

Maji yakiingia, beba watoto utoke. Najua godoro ulilinunua kwa jasho, liache. Usiguse swichi wala waya wa stima ukiwa umesimama majini. Maji yanayokwenda kasi, hata ya magotini, humwangusha mtu mzima, basi usiyavuke.

Mvua ikikatika, kazi bado. Vyoo vya shimo vimefurika, na mipira ya maji inayopita mitaroni huvuta uchafu ikiwa na tundu. Chemsha maji ya kunywa mpaka yatokote, au utie dawa ya klorini kama chupa inavyoeleza. Watoto wasicheze kwenye madimbwi.

Mtoto akiharisha, endelea kumnyonyesha, umpe ORS. Ukiikosa, tia vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa, katika lita 1 ya maji safi. Akilegea, macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, au choo kikiwa kama maji ya mchele, mkimbize kituo cha afya mara moja. Kama anaweza kumeza, mnyweshe kidogo kidogo mkiwa njiani.