Vihisi vya piezoelektriki katika viungio vya mitambo

Vihisi vya piezoelektriki ni vipande vidogo vya fuwele au kauri ambavyo hutoa umeme vikibanwa au kutikiswa, na ambavyo hutikisika vikipitishiwa umeme. Katika uhandisi hutumika kuchunguza hali ya viungio vya mitambo, yaani sehemu ambapo vipande vya chuma vimeunganishwa kwa bolti na nati, kwa riveti au kwa kulehemu. Lengo ni kugundua kulegea au ufa kabla kiungio hakijaachia.

Kwa nini viungio hulegea

Bolti inapokazwa hurefuka kidogo sana, kama springi iliyovutwa. Nguvu yake ya kutaka kurudi kwenye urefu wa awali ndiyo inayobana vipande pamoja. Kiungio kikitikiswa mara nyingi, hasa kwa mtetemo wa kwenda pembeni, nyuzi za bolti na nati huteleza kidogo kidogo na mkazo hupungua. Mhandisi Mjerumani Gerhard Junker alieleza jambo hilo mwaka 1969.

Macho hayatoshi kuligundua, kwa sababu nati iliyopoteza nusu ya mkazo wake huonekana sawa na ile iliyokaza. Spana ya kupimia mkazo nayo haisemi yote: takriban asilimia 90 ya nguvu ya kuzungusha huishia kwenye msuguano, na takriban asilimia 10 tu ndiyo huivuta bolti. Kutu, vumbi au mafuta kwenye nyuzi hubadilisha kiasi hicho.

Madhara yanaweza kuwa makubwa. Tarehe 10 Mei 2002 treni iliacha reli huko Potters Bar, Uingereza, kutokana na nati kulegea kwenye mtambo wa kubadilishia njia. Watu 7 walifariki.

Historia

Tabia ya piezoelektriki iligunduliwa mwaka 1880 na ndugu wawili Wafaransa, Pierre na Jacques Curie, waliochunguza fuwele za kwatsi na madini mengine. Mwaka 1881 Gabriel Lippmann alionyesha kwa hesabu kwamba kinyume chake lazima kiwe kweli pia, na ndugu hao wakathibitisha. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Paul Langevin alitumia kwatsi kutafuta nyambizi kwa mawimbi ya sauti majini.

Miaka ya 1950 ilipatikana kauri ya risasi, zirikoni na titani iitwayo PZT, ambayo ndiyo hutumika zaidi leo. Tabia hiyohiyo hutoa cheche katika kiberiti cha gesi cha kubonyeza, na huongoza majira katika saa ya kwatsi.

Namna vinavyofanya kazi

Kihisi cha piezoelektriki hakifai kupima nguvu iliyotulia, kwa sababu umeme unaotokana na kubanwa huvuja na kwisha baada ya muda mfupi. Kwa hiyo hakipimi mkazo wa bolti moja kwa moja, bali hupima jinsi kiungio kinavyoitikia mtetemo. Kuna njia tatu kuu:

* Impidensi. Kipande kimoja hugundishwa karibu na bolti, au huwekwa ndani ya washa, kile kibati cha duara kinachokaa chini ya nati. Hupelekewa umeme wa volti chache unaobadilika makumi ya maelfu hadi laki kadhaa ya mara kwa sekunde. Kipande hutikisa chuma, na uzito na ugumu wa chuma hicho hubadilisha kiasi cha umeme unaopita. Bolti ikilegea, kipimo hubadilika.
* Kupitisha wimbi. Vipande viwili huwekwa, kimoja kila upande wa kiungio. Nyuso za chuma, hata zikiwa laini, hugusana katika vinundu vidogo tu. Zikibanwa sana, vinundu vingi hugusana na wimbi hupita kwa nguvu. Zikilegea, wimbi hufika likiwa dhaifu.
* Kusikiliza. Kihisi hakitoi wimbi lolote, bali husubiri mlio mdogo unaotoka ufa unapokua ndani ya chuma.

Njia mbili za kwanza hutegemea kulinganisha. Kipimo cha kwanza huchukuliwa kiungio kikiwa kizima na kimekazwa vizuri, kisha kila kipimo kinachofuata hulinganishwa nacho. Ni sawa na mafundi wa reli waliogonga magurudumu kwa nyundo: aliyejua mlio wa gurudumu zima ndiye aliyetambua lenye ufa.

Mbinga na ufuko wa Ziwa Nyasa

Mkoa wa Ruvuma nchini Tanzania una mitambo mingi yenye viungio vya aina hii. Katika wilaya ya Mbinga, makaa ya mawe huchimbwa Ngaka, na mashine za kuvunja na kuchekecha makaa hutikisika muda wote zinapofanya kazi. Malori huyabeba kwa safari ndefu, zikiwemo za kwenda bandari ya Mtwara. Mjini Mbinga kuna kiwanda cha kukoboa kahawa, ambacho kazi yake hufuata msimu: bolti iliyolegea katikati ya msimu inaweza kusimamisha mashine wakati ambapo wakulima wanaihitaji zaidi.

Ziwani hatari ni ya maisha. Wilaya ya Nyasa, iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, huhudumiwa na meli zinazotoka Kyela hadi Mbamba Bay, zikiwemo MV Mbeya II ya abiria na mizigo na MV Ruvuma ya mizigo. Katika meli yoyote, bolti za kushikilia injini na za kuunganisha mhimili wa rafadha hupokea mtetemo safari nzima. Zikikatika, meli hupoteza mwendo, na chombo kisicho na mwendo hugeuzwa ubavu na mawimbi. Viungio hivyo viko chini, penye giza na nafasi finyu, mahali ambapo fundi hawezi kuvikagua kwa urahisi meli ikiwa safarini.

Mipaka

Joto hubadilisha vipimo karibu kama kulegea kunavyofanya. Kwa hiyo kipimo cha injini ya moto hakilinganishwi na cha injini iliyopoa, isipokuwa tofauti ya joto imesahihishwa kwa hesabu. Kauri ya PZT hupoteza tabia yake kwenye joto kali, mara nyingi kati ya nyuzi 200 na 350 za Selsiasi kulingana na aina, hivyo haifai kugundishwa kwenye bomba la moshi la injini. Ni rahisi kuvunjika, na gundi yake huharibiwa na unyevu na mafuta. Gundi ikibanduka, kipimo hubadilika ingawa bolti ni nzima. Kwa sababu hiyo kihisi chenyewe hukaguliwa kwanza.

Kihisi hakikazi bolti. Huonyesha kiungio kinachohitaji kuangaliwa, na thamani yake hutegemea kuwepo kwa fundi mwenye spana, bolti ya akiba na ruhusa ya kusimamisha mtambo.