Kununua Kompyuta ya Biashara au Kuikodi: Kodi Inasema Nini?

Juni ikikaribia, kuna swali ambalo huturudia kwa njia nyingi. "Nimeambiwa nikikodi kompyuta badala ya kununua, KRA watanipunguzia kodi. Ni kweli?" Jibu letu huwaudhi wengine: inategemea unalipa kodi gani. Na tumegundua wengi wanaouliza hawajui. Wanajua wana PIN, wanajua kuna tarehe ya mwisho, lakini ukiwauliza kama wako kwenye kodi ya mauzo au kodi ya mapato ya kawaida, kimya.

Basi tuanzie hapo, kwa sababu hapo ndipo pesa zinapotea.

Kama biashara yako inauza zaidi ya shilingi milioni 1 kwa mwaka lakini haizidi milioni 25, kwa kawaida uko kwenye kodi ya mauzo, ile wengi wanaiita TOT. Tangu Julai 2023 kiwango chake ni asilimia 3 ya mauzo yote, na hulipwa kila mwezi, kabla ya tarehe 20 ya mwezi unaofuata kupita. Sikiliza vizuri hayo maneno mawili: mauzo yote. Si faida. Kodi ya nyumba, stima, mshahara wa kijana anayekusaidia, karatasi za printa, hakuna kinachotolewa. Kompyuta nayo haitolewi, uwe umeinunua, umeikodi au umepewa na shemeji.

Kwa hivyo yule anayekuambia "kodi hii mashine, gharama yote inakatwa kwenye kodi" hakudanganyi, ila maneno yake huenda hayakuhusu. Kwa mtu wa TOT, hesabu ni ya bei tu. Tuseme mama mwenye saiba Mikindani anataka kompyuta ya shilingi 60,000. Akiikodi kwa 2,500 kwa mwezi, miaka mitatu atakuwa amelipa 90,000, halafu mashine inarudi kwa mwenyewe. Kodi yake haikupungua hata shilingi. Amelipa 30,000 zaidi kwa punguzo ambalo halikuwepo. Hizo 30,000 ni printa nzuri na wino wa kutosha.

Sasa tuhamie upande wa pili, kodi ya mapato ya kawaida. Huku unatozwa kwa faida, yaani mapato ukitoa gharama za biashara. Huku kuna wanaouza zaidi ya milioni 25, na pia watu wa kazi za kitaalamu kama wahasibu, wanasheria na washauri, kwa sababu ada za kitaalamu haziingii kwenye TOT. Kuna pia waliochagua wenyewe kutoka kwenye TOT.

Huku ukinunua kompyuta, huruhusiwi kuikata yote mwaka huo mmoja. Sheria ya Kodi ya Mapato inaihesabu kama mali ya kudumu, na unapewa punguzo la asilimia 25 ya bei kila mwaka, kwa mafungu sawa. Kompyuta ya 60,000 inakupa 15,000 kila mwaka kwa miaka minne. Kama faida yako imefika kiwango cha asilimia 30, kila 15,000 inakuokolea kodi ya 4,500, jumla 18,000 ikiisha. Kompyuta imekugharimu 42,000 hasa.

Ukiikodi kwa mkataba wa kawaida, ambapo mashine inabaki mali ya mwenye kukodisha, kodi unayomlipa ni gharama ya biashara ya mwaka huo huo. 2,500 kwa miezi 12 ni 30,000, inakuokolea 9,000 kwa mwaka. Miaka mitatu ni 27,000. Punguzo ni kubwa kuliko la mnunuzi, kweli. Lakini ulilipa 90,000, kwa hivyo imekugharimu 63,000 na huna kompyuta.

Hapa ndipo watu wengi huteleza. Wanalinganisha punguzo na punguzo, 27,000 dhidi ya 18,000, wanaona kukodi kumeshinda. Punguzo ni kubwa kwa sababu matumizi ni makubwa. Hakuna anayetajirika kwa kutumia shilingi 10 ili aokoe 3.

Hatusemi kukodi ni kubaya. Mwaka wa kwanza mnunuzi ametoa 60,000 kwa mkupuo na kurudishiwa 4,500. Aliyekodi ametoa 30,000 na kurudishiwa 9,000. Kama hizo 60,000 ndizo stoki yako ya Desemba, au kama unahitaji mashine sita kwa kazi ya miezi minne tu, kukodi kuna maana yake. Na mikataba mingine inajumuisha matengenezo, jambo ambalo mtu aliyewahi kufiwa na kompyuta katikati ya msimu wa kujaza fomu anajua thamani yake. Soma tu kipengele cha kuvunja mkataba mapema. Kuna mikataba inayokudai miezi yote iliyobaki hata kama biashara imefungwa.

Vipi lipa mdogo mdogo? Hiyo si kukodi, hata kama unalipa kila mwezi. Unanunua. Bei ya pesa taslimu ndiyo inaingia kwenye ile asilimia 25, na riba unayoongezewa inakatwa kama gharama.

Mtu akifika hapa huuliza: basi si nitoke TOT nije huku kwenye mapunguzo? Unaweza, kwa kumwandikia Kamishna. Lakini usihame kwa sababu ya kompyuta. Angalia faida. Chukua biashara inayouza milioni 2.4 kwa mwaka. TOT yake ni 72,000. Kama faida yake halisi ni 700,000 na mwenyewe hana mapato mengine, kodi ya kawaida baada ya nafuu ya kibinafsi ya 28,800 inakuja 118,600. Abaki TOT. Kama faida ni 400,000, kodi ya kawaida ni 28,600. Huyo TOT inamuumiza. Mpaka uko karibu na faida ya 545,000. Duka la jumla lenye faida nyembamba na saiba yenye faida nene haziwezi kupewa ushauri mmoja. Na ukihama, jua kila gharama utahitaji kuithibitisha.

Uthibitisho wenyewe umebadilika. Tangu Januari 1, 2024, gharama nyingi za biashara zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi, na kodi ya mashine ni mojawapo. Kabla ya kusaini, muulize mwenye kukodisha kama atakutolea ankara ya eTIMS yenye PIN yako kila mwezi. Akianza kuzungukazunguka, punguzo lako limeishia hapo. Dukani pia iombe, hasa kama umesajiliwa kwa VAT, jambo ambalo ni lazima mauzo yakifika milioni 5. Kompyuta ya 60,000 kabla ya VAT inaongezwa 9,600, na hizo unaweza kuzidai, mradi usipitishe miezi sita.

Na hapa lazima tuseme jambo kuhusu huduma yetu wenyewe. Ujumbe wa malipo kwenye simu unaonyesha pesa zilitoka, saa ngapi, kwa nani. Hauonyeshi zilinunua nini. Si ankara, hata ukiupiga picha. Unasaidia ukiwa pamoja na ankara, na zote mbili ziwekwe miaka mitano. Pia lipia kutoka namba ya biashara. Harambee ya binamu, karo na mauzo ya saiba vikipita laini moja, siku ya kuulizwa utakuwa unaeleza kila mstari, na kwa mtu wa TOT kila pesa iliyoingia inaweza kuonekana kama mauzo.

Kama hiyo kompyuta mchana ni ya biashara na usiku watoto wanatazamia katuni, dai sehemu ya biashara tu.

Na siku utakapoiuza? Baada ya miaka minne kwenye vitabu vya kodi thamani yake ni sufuri. Fundi akikupa 12,000, hizo zinahesabiwa kama mapato ya mwaka huo, kwa hivyo usisahau kuziandika.