Saratani ya Utumbo Mpana na Alama za Vinasaba: Si Laana, Wala Si Hukumu

Baba anafariki kwa ugonjwa wa tumbo usioeleweka. Miaka michache baadaye mwanawe anaanza kudhoofika vivyo hivyo, kisha shangazi. Hapo maneno huanza: ukoo umelaaniwa, au yuko anayeuroga. Katika vijiji vyetu, Ulemo na kwingineko Singida, maneno ya namna hiyo huvunja udugu, huwatia mashakani wazee wasio na hatia, na humchelewesha mgonjwa kufika hospitali. Sayansi ya tiba ina jibu jingine, na inafaa waamini walijue.

Familia iliyofungua macho ya madaktari

Mwaka 1895 huko Ann Arbor, Marekani, mshonaji mmoja alimwambia Daktari Aldred Warthin kwamba atakufa kwa saratani kama ndugu zake wengi. Ikawa hivyo. Warthin aliichunguza familia ile na mwaka 1913 akachapisha habari zake. Kuanzia miaka ya 1960, Daktari Henry Lynch, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Creighton cha Wajesuiti, aliendeleza kazi hiyo ukoo kwa ukoo, ingawa wengi hawakusadiki kwamba saratani yaweza kurithiwa. Mwaka 1993 jeni ya kwanza inayohusika, MSH2, iligunduliwa. Leo hali hiyo huitwa sindromu ya Lynch.

Chembe za mwili zinapogawanyika, hunakili maandishi yake ya urithi, na makosa ya kunakili hutokea. Jeni kama MLH1, MSH2, MSH6 na PMS2 ni wasahihishaji wa makosa hayo. Aliyerithi jeni mbovu ya aina hiyo, makosa hulimbikizana kwa urahisi zaidi, na saratani yaweza kumjia angali kijana. Mzazi mwenye jeni hiyo, awe baba au mama, humpa kila mtoto nafasi moja kati ya mbili za kuirithi. Hata hivyo, urithi huu unahusu wagonjwa wapatao 3 tu kati ya 100 wa saratani ya utumbo mpana. Kwa walio wengi, mabadiliko ya jeni hutokea ndani ya uvimbe wenyewe katika maisha ya mtu, wala hawapelekei watoto.

Alama zinamwambia daktari nini?

Jambo la kwanza linaloonyesha matarajio ya mgonjwa ni hatua ya ugonjwa: je, umebaki kwenye utumbo, umefika kwenye tezi za limfu, au umesambaa hadi ini na mapafu? Alama za vinasaba huongeza mwanga juu ya hilo.

Katika uvimbe upatao 15 kati ya 100, wasahihishaji tuliowataja hawafanyi kazi. Ajabu ni kwamba, ugonjwa ukigunduliwa mapema na kuondolewa kwa upasuaji, wagonjwa hawa kwa kawaida huwa na matumaini bora kuliko wengine. Na ukisambaa, hao ndio wanaoweza kunufaika na dawa zinazoamsha kinga ya mwili dhidi ya saratani.

Uvimbe upatao 40 kati ya 100 una mabadiliko katika jeni ya KRAS. Kwa wengi wa wagonjwa hao, dawa ghali kama cetuximab haisaidii. Kulijua hilo mapema ni huruma pia kwa familia, isije ikauza ng'ombe na shamba kwa ajili ya dawa isiyoweza kufanya kazi.

Mabadiliko ya jeni ya BRAF ni machache zaidi. Ugonjwa uliosambaa ukiwa nayo, mara nyingi huenda kwa kasi, hivyo madaktari na familia hupaswa kupanga mapema. Lakini takwimu husema juu ya kundi la wagonjwa. Hazimwambii mtu mmoja siku zake.

Tufanye nini hapa kwetu?

Vipimo hivi havifanyiki katika zahanati ya kijiji. Lakini kuna kipimo kisichohitaji fedha, nacho ni kuijua historia ya ukoo. Kumbuka hesabu ya 3, 2, 1: ndugu 3 wa damu walio karibu waliougua saratani ya utumbo mpana au ya mji wa mimba, katika vizazi 2 vinavyofuatana, na angalau 1 akiwa hajafikia miaka 50. Ulizeni upande wa baba na wa mama. Ukoo wa namna hiyo na umweleze daktari; wanaothibitika kuwa na urithi huu hushauriwa kuchunguzwa utumbo kwa kamera kuanzia miaka 20 hadi 25.

Asiye na historia hiyo naye asipuuze damu katika choo, mabadiliko ya choo yasiyokoma, kukonda, au upungufu wa damu usioelezeka. Si kila damu ni bawasiri au amiba. Aanzie kituo cha karibu na aombe rufaa. Hospitali ya Bugando jijini Mwanza, iliyo chini ya Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania, hutibu saratani, na Taasisi ya Saratani Ocean Road iko Dar es Salaam. Aliyefanyiwa upasuaji atunze majibu ya maabara: kipande cha uvimbe huhifadhiwa katika nta, na chaweza kupimwa vinasaba baadaye.

Julai 1992 Mtakatifu Yohane Paulo II aliondolewa uvimbe wa utumbo mpana katika Hospitali ya Gemelli, Roma. Madaktari walitangaza kuwa haukuwa saratani, naye akaliongoza Kanisa hadi mwaka 2005. Kukubali kupimwa si kukosa imani. Yoshua bin Sira, katika sura ya 38, anatufundisha kusali na pia kumpa daktari nafasi yake. Kanisa nalo linashauri Mpako wa Wagonjwa upokelewe kabla ya upasuaji mkubwa, si katika pumzi ya mwisho tu. Basi mgonjwa amwite padre, na aende hospitali. Na ukoo wake uache kutafuta mchawi, uanze kuhesabu ndugu wanaohitaji kupimwa.