Dola isiyoacha ukuta

Ukishuka kwenye matatu Keumbu, katika barabara ya Kisii kuelekea Keroka, kinachokulaki ni ndizi. Mikungu imelazwa kando ya lami, akina mama wanavutana bei na wachuuzi, na vijana wanapakia lori. Magofu hayapo. Hakuna lango la mawe la kupigia picha wala nguzo iliyoanguka, na kwa sababu hiyo wengi hukata shauri upesi kwamba historia ya eneo hili la Nyaribari ni masimulizi ya wazee tu, mchimbaji wa mambo ya kale hana lake hapa.

Thucydides, mwanahistoria wa Athens wa karne ya 5 KK, alikwisha kuonya juu ya kosa hilo. Akisimulia vita vya mji wake na Sparta, alisema kwamba Sparta ikihamwa, yakabaki mahekalu na misingi mitupu, vizazi vya baadaye havitasadiki kuwa watu wale waliwahi kutisha Ugiriki. Athens nayo, kwa fahari ya majengo yake, ingedhaniwa ilikuwa na nguvu maradufu ya zile ilizokuwa nazo.

Sparta haikufanana na mji. Ilikuwa vijiji vilivyoungana, Pitana, Mesoa, Limnai, Kynosoura na Amyklai iliyo kusini kidogo, vikawa na ibada moja na jeshi moja. Kwa karne nyingi hawakujisumbua kujenga ukuta. Walipoanza kuujenga, mambo yalikuwa yamekwisha kuwaharibikia, kwani Wathebes waliwavunja mgongo huko Leuctra mwaka 371 KK. Mtoto wa kiume alitolewa kwa mama yake akiwa na miaka 7, akaingizwa katika kikosi kilichopewa jina lilelile la kundi la mifugo.

Hapo msomaji wa Kisii atatabasamu. Babu zake, Abagusii, nao walikuwa na ebisarate, kambi za ng'ombe zilizojitenga na maboma ya familia, ambako vijana wasiooa walilala na mikuki wakilinda mifugo dhidi ya Wakipsigis na Wamaasai. Waingereza walifungua kituo chao Kisii mwaka 1907. Januari 1908 Mgusii mmoja, Otenyo, alimchoma mkuki ofisa wao, Northcote, na mapema katika miaka ya 1910 kambi hizo zikapigwa marufuku. Serikali haikuhitaji ukuta ili kutambua jeshi lilikokuwa.

Mfano huu usivutwe kupita kiasi. Sparta ilikula jasho la watu wa Messenia, waliofanywa watumwa juu ya ardhi yao wenyewe, na ilikuwa na wafalme wawili kwa mpigo. Abagusii hawakuwa na mfalme hata mmoja wa kuwatawala wote: Kitutu, Nyaribari, Majoge, Bassi, Wanjare na Mugirango, kila kundi lilijiamulia mambo yake.

Sparta ilichimbwaje, basi, bila ukuta? Kuanzia 1906, miaka ileile Waingereza wengine walipokuwa wakipanda milima ya Kisii na bunduki, wachimbaji wa Kiingereza wakiongozwa na R. M. Dawkins walifukua hekalu la Artemis Orthia kando ya mto Eurotas. Walipata visanamu vya madini ya risasi zaidi ya 100,000, vingi vidogo kama kidole, pamoja na nakshi za pembe za ndovu. Watu waliosifika kwa kujinyima kumbe walipenda urembo kama wengine! Takataka za ibada zilieleza mengi kuliko ambavyo boma lolote lingeeleza.

Anayetaka kuta za mawe hana haja ya kupanda ndege. Thimlich Ohinga iko Nyatike, kaunti ya Migori. Ukuta wake umepangwa kwa mawe makavu bila saruji wala udongo, uso wa nje na wa ndani, katikati pakajazwa mawe madogo ya kuushikamanisha. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.2, na mlango umefanywa mfupi makusudi, mgeni aingie ameinama, shingo mbele. Yaelekea ulijengwa karne ya 16, na UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2018. Lakini Nyatike mawe yametapakaa kila mahali. Huku juu Kisii palikuwa na miti na udongo, na ua wa miti huoza.

Ng'ombe, hata hivyo, huacha alama yao. Katika kaunti ya Narok watafiti wamepima udongo wa mazizi ya wafugaji yenye umri wa kati ya miaka 1,500 na 3,700 hivi, wakaukuta bado una fosforasi nyingi kuliko ardhi ya jirani, kwa sababu ya samadi. Utafiti huo ulichapishwa mwaka 2018. Ebisarate zilifungwa juzi tu ukilinganisha na mazizi hayo. Mashamba ya Nyaribari yamelimwa na kugawanywa mno, na mbolea ya dukani itavuruga vipimo, lakini mashimo ya misingi ya nyumba na ya vyoo yanachimbwa kila wiki hadi chini ya kina cha jembe. Sampuli ya udongo huo yaweza kutiwa katika mfuko na kuandikwa jina la shamba.